Jiko Jipya la Baba

Ujumbe wa Baba ulikuwa mfupi kama kawaida yake: "Wanangu, nimeamua. Naleta jiko jipya nyumbani." Kaka yangu, mtu wa kuchekelea kila kitu, akajibu hapo hapo: "Hongera, mzee!" Mimi damu ilinichemka. Udongo wa kaburi la Mama haujakauka vizuri, leo mtu anatuletea mke? Tena kwa ujumbe wa simu? Nilifunga safari na hasira zangu zote.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa vumbi tupu. Sufuria za Mama zilirundikwa kitandani, meza ya chakula imefunikwa shuka, na fundi alikuwa akibomoa ukuta kati ya jikoni na chumba cha kulia. Baba alinipokea huku ndevu zimejaa chokaa.

"Shikamoo. Yuko wapi?"

"Marahaba. Nani?"

"Huyo jiko jipya!"

"Si hilo hapo kwenye boksi? La gesi, lina oveni na kila kitu."

Fundi alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba naye alicheka, kisha akaugusa ukuta.

"Ukuta huu umenikosesha mengi. Mama yako alikuwa akipika huku anaongea, mimi huku mezani namwitikia 'ee, ee' bila kusikia hata neno. Siku hizi natamani kujua alikuwa akisema nini." Akapangusa chokaa mkononi. "Safari hii nataka nisikie."

"Safari hii umsikie nani, Baba?"

Fundi aliacha kugonga. Baba akakohoa, akasingizia vumbi.

"Kuna mama mmoja, mshonaji, ana duka karibu na posta. Mjane kama mimi. Na anaongea, mwanangu! Anaongea huyo!"

Iliniuma, siwezi kudanganya. Niliingia jikoni ili machozi yangu yasionekane, nikasimama kwenye sinki pale pale alipokuwa akisimama Mama. Kupitia tundu la ukutani nilimwona Baba amekaa mezani, kichwa tu, ananitazama kama mtoto anayesubiri kugombezwa.

"Umekasirika?" akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Nilimsikia vizuri sana.

"Fundi," nikasema, "mbona unabakiza? Bomoa wote."