Sufuri za Kijani

Karani wetu wa takwimu tulimbatiza Kijani, maana zahanati yetu haikuwahi kuwaka nyekundu, rangi ya waliochelewesha taarifa au waliozidiwa na wagonjwa, kwenye kompyuta za makao makuu. Janja yake sote tuliijua: kila Jumatatu alituma taarifa ya wiki nzima ikiwa na sufuri tupu, aonekane kawahi. Idadi ya kweli aliijaza wiki ikiisha. Tukamcheka, tukamsifu, tukaendelea na kazi.

Wiki ile mto ukavunja kingo Jumanne. Mnara wa simu ukazimika, na sufuri zake zikabaki vilevile. Kufika Ijumaa kipindupindu kimetujaa mpaka chini ya meza ya dawa, dripu zinakatika moja moja, na kwenye mkeka karibu na dirisha kalala mama yangu mzazi. Mimi muuguzi, binti yake, namnywesha maji ya chumvi na sukari na yote anayatapika. Nilichoka, jamani. Niliogopa.

Alasiri mtandao ukarudi kwa kusuasua. Nikawapigia makao makuu, nikawauliza boti ya dripu iko wapi. Bwana aliyepokea akanijibu kwa upole kabisa.

"Boti inakwenda kwenye nyekundu, dada. Kwenu ni kijani."

Akasema tukirekebisha taarifa sasa hivi ataigeuza, na mzigo utapimwa kwa idadi ya wagonjwa. Nikakata simu nikamgeukia Kijani. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Alipanda kwenye benchi pale dirishani, mtandao uliposhika, kompyuta kaiegemeza kifuani, akawa ananiuliza mgonjwa mmoja mmoja huku machozi yanamtiririka.

Dripu ya mwisho ya mama ilikuwa imekauka. Nilipiga magoti nikamshika kifundo cha mkono, nikatafuta mapigo. Nikahamia shingoni. Nikarudi mkononi.

Kijani akafika kwenye mkeka wetu. Akatutazama, akashusha sauti.

"Dada, kuna safu ya wagonjwa na safu ya vifo. Mama nimwandike wapi?"

"Mgonjwa."

"Dada..."

"Nimesema mgonjwa. Andika, mtandao utakatika."

Akaandika. Taarifa ikapita, na mimi nikaendelea kuusugua ule mkono upate joto.