Eda ya Mwaka wa Uchaguzi

Bi Mwanakheri alijifunga mwenyewe, na fundo akalikaza kwa mikono yake miwili mbele ya wanawake wa mtaa mzima.

Ilikuwa Alkhamisi, siku ya darsa. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri wanawake wa kichochoro chao cha Malindi hukusanyika ukumbini kwake, wakakaa juu ya mikeka, naye akawasomesha mambo ya twahara, ndoa, talaka na eda. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Siku hiyo swali lilitoka kwa jirani yake wa dirisha kwa dirisha, Bi Shemsa, ambaye hakuweza kuja mwenyewe kwa sababu alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Simai, na yumo ndani ya eda. Alimtuma mkwewe aulize: uchaguzi utamkuta bado hajamaliza miezi minne na siku kumi, je, anaweza kutoka kwenda kupiga kura?

Sasa, kila mtu alijua kwamba Bi Shemsa ni wa Baraza ya Chini. Kichochoro kile kina baraza mbili. Ya juu wanakaa wafuasi wa chama kimoja, ya chini wanakaa wa chama cha pili, na katikati pana bomba ambalo halina chama wala maji. Bi Mwanakheri ni wa Baraza ya Juu tangu ujana wake.

"Mwanamke wa eda hatoki ila kwa haja," alisema. "Haja ni dawa, chakula, na kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Kura si dawa wala si samaki. Mwambie akae."

Wanawake wakasema ahsante, mwalimu. Wale wa Baraza ya Juu walisema kwa sauti zaidi.

Haukupita muda, Bwana Amour, mume wa Bi Mwanakheri, akarudi kutoka msikitini, akasema kifua kinambana, akajilaza, na hakuinuka tena. Alikuwa mtu mpole aliyepika chai ya asubuhi mwenyewe na kumpelekea mkewe kitandani, jambo ambalo mkewe alimkataza kulisema nje. Bi Mwanakheri alimlilia kwa haki yake. Alipomaliza kulia, amekaa mkekani na nguo nyeupe, akili yake ya ualimu ikaanza kuhesabu miezi kwa vidole bila kuamrishwa na mtu. Ilipofika kwenye kidole cha uchaguzi alisita. Akahesabu tena. Vidole havikubadilika.

"Mama, unahesabu nini?" aliuliza Yusra, binti yake, aliyekuja kutoka Mpendae kukaa naye.

"Nnavuta tasbihi."

"Tasbihi yako iko pale juu ya kabati."

Bi Shemsa alimpa pole kwa moyo wake wote, maana jeraha lake mwenyewe lilikuwa bado bichi. Alisubiri mpaka khitma ikapita na wageni wa shamba wakarudi kwao. Kisha akafungua dirisha. Kichochoro pale ni chembamba hivi kwamba mmoja akinyoosha mkono na mwenzake akinyoosha wake, wanapokezana sahani.

"Mwenzangu," aliita.

"Naam."

"Nna swali la dini."

"Sema."

"Kura imekuwa dawa sasa, au bado?"

Bi Mwanakheri alifunga dirisha. Baada ya muda akalifungua tena, kwa sababu ya joto.

Basi wakabaki wajane wawili, kila mmoja kwake, na dirisha ndiyo njia. Asubuhi Bi Shemsa humpitishia mkate wa kumimina, jioni Bi Mwanakheri humpitishia bakuli la mbaazi. Na katika siku zile waligundua jambo la kuudhi kweli kweli, nalo ni kwamba walikubaliana katika kila kitu.

"Umemuona yule mtalii aliyepita?" Bi Shemsa huuliza.

"Nimemuona wote. Hakubakisha."

"Na anapita mbele ya madrasa."

"Mtalii mgeni, hajui. Mimi wananiuma watoto wetu. Jana msichana kapita hapa chini anajipiga picha, mtandio uko shingoni kama taulo la mchezaji mpira."

"Na harusi je? Siku hizi bibi harusi anacheza kuliko ngoma yenyewe."

"Na wavulana wanavyonyoa. Kichwa kama jogoo."

"Na ile hoteli inayouza ulevi pale kona, watoto wanakwenda chuoni wanaruka chupa."

"Nchi inataka mtu wa kuirejesha adabu yake," alisema Bi Mwanakheri.

"Kabisa. Ndiyo nkasema wangu ataweza."

"Wako? Wako hawezi kurejesha hata kiti alichoazima msibani."

"Na wako ndiye aliyekata utepe wa hiyo hoteli."

Hapo mmoja huuliza kama mwenzake anazo ndimu.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi mgombea wa Baraza ya Juu akaja mwenyewe. Jina lake Ubwa, mtu wa makamo, kanzu imepigwa pasi mpaka imesimama peke yake. Alikuja na wapambe watatu, mmoja ameshika simu tayari kwa picha. Yusra aliwakalisha ukumbini. Mama yake alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa.

"Picha ya nini?" Yusra alimuuliza mwenye simu. "Ya pazia?"

Simu ikarudi mfukoni. Ubwa alikohoa, akalitazama pazia. Lilikuwa na maua makubwa ya njano. Hakuwa amezoea kuzungumza na kitu kisichopiga makofi.

"Ndugu zangu wananchi," alianza.

"Niko peke yangu," lilisema pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile hoteli ya kona, Ubwa, utaifanya nini?"

"Mama, suala hilo tumelipokea na tunalifanyia kazi."

"Kazi gani?"

"Tutakaa na wadau."

"Wadau ndio wanaolewa. Utakaa nao wakiwa katika hali gani?"

Mpambe mmoja alicheka, akajifanya amepaliwa na chai. Ubwa alifuta jasho. Upepo ukalisukuma pazia kidogo na yeye akarudi nyuma kana kwamba limenyanyuka kumfuata.

"Mama, nimekuja na jambo la kheri," alisema. "Tunajua uko edani, na tunajua wewe ukitoka, wanawake wetu wote watatoka. Chama kimemuuliza sheikh. Kasema unayo ruhusa. Mchana unatoka, unapiga kura, unarudi kulala kwako. Gari itakungoja pale njia kuu."

Moyo wa Bi Mwanakheri uliruka. Ndiyo neno alilokuwa akilitaka tangu siku ile ya vidole. Tangu alipopata haki ya kupiga kura hajaukosa uchaguzi hata mmoja. Aliwahi kwenda na homa, aliwahi kwenda na mimba ya Yusra na kurudi moja kwa moja hospitali. Alinyamaza ili furaha isije ikasikika ukumbini.

"Na Shemsa?" aliuliza hatimaye. "Naye yumo edani. Ruhusa hiyo anayo?"

Ubwa alitabasamu. "Bi Shemsa si wetu, mama. Yeye wacha akae na eda yake. Dini lazima iheshimiwe."

Nyuma ya pazia Bi Mwanakheri alihisi kama kamwagiwa maji ya barafu. Yale yalikuwa maneno yake mwenyewe ya Alkhamisi, ila sasa yamevaa kanzu na yananukia manukato. Siku ile alijiambia anasema dini. Alikuwa anahesabu kura.

"Malizia chai, Ubwa," alisema. "Kisha uende."

"Na kura, mama?"

"Kura haimo kwenye chai."

Walipoondoka, Yusra aliingia ndani na birika mkononi. Alikuwa mwanamke asiyezunguka, tabia ambayo mama yake alimrithisha na sasa anaijutia.

"Mama, si ruhusa hiyo? Unangoja nini?"

"Mimi ndiye niliyesema kura si haja. Nkitoka, watasema mwalimu hukumu yake inapinda ikifika mlangoni kwake. Kesho nkimwambia mtu usimtoe mwanao shule ukamuoza, atanijibu: hiyo nayo ya dini, au ya baraza?"

"Na usipotoka?"

"Nimekosa kura yangu."

"Basi ndiyo hapo," alisema Yusra, akaenda kuosha vikombe.

Siku mbili Bi Mwanakheri hakufungua dirisha. Siku ya tatu Bi Shemsa aligonga ubao wake kwa mpini wa ufagio.

"Mwenzangu, nimefikiri. Wewe ukipiga juu na mimi nkipiga chini, tunafutana. Nkikaa na ukikaa, hesabu ni ile ile. Basi tukae sote. Wewe jina lako linabaki, mimi miguu yangu inapumzika."

Bi Mwanakheri aliona huo mlango umefunguka wenyewe. "Tukae," alisema.

"Tukae."

Hakuna aliyemwamini mwenzake hata kidogo.

Asubuhi ya uchaguzi, baada tu ya jua kuchomoza, madirisha yote mawili yalikuwa wazi na kila dirisha lina mtu. Bi Shemsa alikuwa anachambua mchele. Alikuwa ameuchambua jana. Bi Mwanakheri ameshika msahafu lakini hajageuza ukurasa.

"Huendi msalani?" aliuliza Bi Shemsa.

"Nshakwenda. Na wewe huendi kuteleka?"

"Leo nimefunga."

"Mtu aliyefunga anatafuna nini?"

"Punje moja ya mchele. Naangalia kama una mawe."

Chini yao wanawake walipita makundi kwa makundi, mabuibui yamenyooshwa, wanainua nyuso na kusalimia. Wa Baraza ya Juu walimtazama mwalimu wao kwa huzuni kama watu wanaopita mbele ya duka lililofungwa. Bi Mwanakheri aliitika salamu zote. Mkono wake ulikuwa umekwishatafuta kitambulisho cha kura chini ya mto mara mbili, na mara mbili umekirudisha.

Yusra, ambaye kura yake bado imeandikishwa mtaani kwao, alirudi na wino kidoleni.

"Foleni ikoje?" mama yake aliuliza haraka.

"Ndefu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao. Wanakuzungumza wewe."

"Wanasema nini?"

"Wanasema Khamisa hakwenda. Yule kijana aliyefiwa na mumewe, yule aliyekuwa mchukuzi wa bandarini. Kalia asubuhi nzima, anasema mwalimu amekataza. Na yule mtu wa eda wa nyuma ya msikiti, naye kakaa. Na bibi mmoja wa kule Mwanakwerekwe, mtoto wake husikiliza darsa zako kwenye simu, naye kakaa."

"Mwanakwerekwe? Nani aliyepeleka darsa yangu Mwanakwerekwe?"

"Wewe unasomesha kwa sauti, mama."

Bi Mwanakheri alifunga msahafu, akaubusu, akauweka mahali pake. Alikuwa na uwezo wa kukosa kura yake mwenyewe. Hiyo ingekuwa adhabu yake na angeibeba. Lakini wale wengine walikuwa wamekaa ndani kwa ajili ya Mungu, na yeye aliwakalisha kwa ajili ya baraza. Alikwenda dirishani.

"Shemsa. Vaa buibui."

Bi Shemsa aliacha mchele. "Tulisema tukae."

"Nilisema uongo siku ile ya Alkhamisi. Mahakamani niliwaruhusu muende, si nilisema? Kutoa ushahidi. Na kura ni nini, kama si mtu kushuhudia kwa jina lake kwamba huyu anafaa na huyu hafai? Nilijua hivyo. Nikakufungia ndani kwa sababu wewe ni wa chini."

"Nlijua," alisema Bi Shemsa.

"Ulijua, na mkate ukanipa?"

"Mkate ungekauka. Sasa utakwenda kuyasema hayo kwa watu, au umeyaleta dirishani kwangu tu?"

"Nnakwenda kuyasema."

"Basi ningoje. Hilo silikosi."

Walishuka ngazi kila mmoja kwake, wakatokea kichochoroni kwa wakati mmoja, weupe wa nguo za eda ukichungulia chini ya mabuibui. Hawakuwa wamekutana ana kwa ana tangu misiba ianze. Walishikana mikono, wakalia kidogo, kisha Bi Shemsa akasema jua linapanda.

Khamisa walimpitia. Kwenye foleni ya wanawake minong'ono ilikatika walipofika. Vizuka, wajane wa eda, watatu kwa pamoja. Bi Mwanakheri hakungoja aulizwe.

"Sikilizeni," alisema kwa ile sauti yake, mpaka foleni ya wanaume ikageuka. "Nilisema mwenye eda hatoki kupiga kura. Nilikosea, na sikukosea kwa kutojua. Nilimtazama aliyeuliza nikaona baraza yake. Anaruhusiwa kutoka mchana na kurudi kwake. Mwenye ndugu yake aliyekaa ndani ampigie simu sasa hivi. Wa juu na wa chini."

Mwanamke mmoja wa Baraza ya Chini akauliza kutoka nyuma, "Mwalimu, na ile hukumu kuwa kwenda kwa mama mkwe kila Ijumaa ni lazima, nayo ulitazama baraza?"

"Hiyo nilimtazama mama mkwe wako," alisema Bi Mwanakheri. "Iko pale pale."

Foleni nzima ikacheka, na simu zikaanza kutoka mikobani.

Alipoingia nyuma ya kisanduku alimpigia Ubwa. Hakumpigia kwa kumpenda. Alimpigia kama mtu anayemuoza mwanawe kwa kijana asiyemridhisha, akijua kesho atakuwa mlangoni kwake kumdai alichoahidi. Bi Shemsa alipiga anapopiga siku zote. Walitoka na vidole vya wino, kura zao zimefutana kama walivyohesabu.

Pale kona ya kichochoro Ubwa alikuwa amesimama na wapambe wake. Alimuona Bi Mwanakheri, uso ukamng'ara. Kisha akamuona Bi Shemsa ubavuni pake, na nyuma yao Khamisa, na nyuma ya Khamisa wajane wawili wa Baraza ya Chini wanakwenda mbio mbio kuwahi foleni.

"Mama," alisema, "hawa umewatoa wewe?"

Bi Mwanakheri aliteremsha ushungi mpaka puani, akamgeukia binti yake.

"Yusra, mwambie huyo bwana nimo edani. Sizungumzi na wanaume njiani."

Wakampita.