Kidole Gumba cha Shemeji

Kazi yangu ni kuchonga funguo, na kazi hiyo imeniharibu. Mtu akipitisha mkono dirishani na kuniambia, "Fundi, nitolee nakala," mimi siwazi bei, nawaza mlango. Ni wa nani? Mbona anageuka geuka nyuma? Mke wangu husema hata chai nikiletewa nainusa kwanza. Ni kweli, na chai yenyewe huwa haina sukari ya kutosha.

Kwa hiyo tangazo lilipotoka mimi nilikasirika kama wenzangu, lakini sikushangaa.

Kuna gemu inaitwa Wachimbaji Wawili. Inachezwa na watu wawili, huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Wachimbaji wamefungwa kamba moja viunoni, wanashuka mgodini, mmoja ana taa na mwingine ana sururu, na mmoja akizembea wanaporomoka wote. Sehemu ya kwanza iliishia pabaya, wananing'inia gizani na taa inakaribia kuzimika, na tulikuwa tumeisubiri sehemu ya pili mpaka wengine wetu tukaota mvi. Basi kampuni ikatangaza kwamba iko tayari, ila itatoka kwenye mashine nyeupe ya kuchezea gemu peke yake. Sisi wote tuna mashine nyeusi. Sisi ndio tulioinunua ile ya kwanza, sisi ndio tulioisifia kwa watu mpaka ikajulikana, na leo wenye mashine nyeupe wametia saini mkataba na watengenezaji, sisi tumeachwa kwenye mataa.

Grupu letu la simu likawaka moto. Admini wetu, mwalimu wa fizikia ambaye darasani husemekana ni mpole, aliandika kwa herufi kubwa tupu kwamba WAMEHONGWA. Mmoja akajaribu kusema labda mkataba ni wa muda mfupi na gemu itatufikia baadaye. Akaambiwa yeye ni pandikizi, akanyamaza mpaka leo. Bibi Bomu, mama mmoja mstaafu wa posta tunayemwita hivyo kwa sababu hajawahi kukutana na ukuta mgodini akauzunguka, alisema anasusia kila kitu cheupe nyumbani kwake, jokofu likiwemo. Mimi ndiye niliyetunga kiapo: sitagusa mashine nyeupe, na nikimjua aliyeigusa nitamtaja hapa mbele ya wote. Wanachama wakakinakili na kukituma mmoja baada ya mwingine. Shemeji peke yake hakukituma.

Shemeji ni mwoka mikate. Ni mume wa mdogo wangu. Alikuwa mume wa mdogo wangu. Sijui nilisemeje, na hapo ndipo penye kidonda. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mshika taa wangu. Alipougua na kuelewa kwamba hatapona, alimkalisha mumewe kando ya kitanda akamfundisha kushika pedi ya kuchezea, mtu mwenye mikono mipana ya kukandia unga, ambaye hakujua hata ule mdude unashikwa upande upi. "Kaka hawezi kushuka peke yake," alimwambia. Tangu tumzike, kila Jumapili mchana shemeji huja kwangu na mkate wa moto kwenye karatasi, tunakaa kochini, tunashuka mgodini. Hatuzungumzi mengi, na marehemu hatumtaji kabisa. Lakini kwa muda ule nina mtu wa mdogo wangu pembeni yangu. Hawakujaliwa mtoto. Hakukuwa na kitu kingine cha kumleta mlangoni kwangu ila gemu, na sasa gemu ilikuwa imehama. Nilikuwa naogopa, wacha niseme wazi. Niliogopa Jumapili ambayo hatakuja.

Jumapili ya kwanza baada ya tangazo alikuja kama kawaida.

"Habari umezisikia?" nikamuuliza kabla hajakaa.

"Nimezisikia."

"Halafu?"

"Ndiyo biashara, shemeji. Kila mtu anaangalia tumbo lake."

Nilimtazama. Grupu zima linalia na kusaga meno, yeye ametulia kama maji ya mtungini, anatafuta kisu cha mkate.

"Na kiapo hukukiona?"

"Nilikiona. Simu ilikuwa haina chaji."

"Wiki nzima?"

Alikata mkate vipande vinene, akanipa cha mwisho chenye ganda, ninachokipenda. Nikakila, lakini nilikitafuna huku nikimtazama.

Jumapili iliyofuata ndipo kidole kilipomsaliti. Kwenye mashine yetu nyeusi, ukitaka kukubali jambo unabonyeza kitufe cha chini, na ukitaka kukataa unabonyeza cha kulia. Hili halifikiriwi, kidole gumba kinakwenda chenyewe. Tuko kwenye duka la mdomoni mwa mgodi, tunanunua mafuta ya taa. Gemu inauliza: ununue? Shemeji akabonyeza, duka likafungwa. Akaguna, akalifungua tena, likafungwa tena. Nikajikausha. Tukashuka mpaka chini kabisa, kwenye lile korongo ambalo gemu hukuuliza kama kamba ifunguliwe, na hakuna mwenye akili timamu anayekubali. Shemeji akakubali. Nikaporomoka mwanzo hadi mwisho wa korongo na sururu yangu mkononi.

"Mkono umeteleza, shemeji. Samahani sana."

"Hutokea," nikasema, na moyoni nikasema, hiyo haitokei.

Kesho yake nikampigia Bibi Bomu. Nilimweleza ya duka na ya kamba, jina nikalificha.

"Mwanangu, huo si utelezi," akasema. "Kwenye mashine nyeupe vitufe hivyo viwili vimebadilishana kazi. Cha kulia ndiyo kukubali, cha chini ndiyo kukataa. Mtu akishazoea huko, akirudi huku kidole kinamwumbua. Mdomo wake utaapa, lakini kidole gumba hakijui kuapa. Mpwa wangu nilimkamata hivyo hivyo, tena mbele ya wageni."

"Sawa. Asante."

"Ni yule mwoka mikate?"

"Sijasema ni nani."

"Hujasema, lakini ambaye hajaapa ni mmoja tu. Mtaje."

"Ngoja nijiridhishe kwanza, mama."

"Jiridhishe haraka, mimi moyo wangu hauna subira."

Kazi haikufanyika. Mteja alileta ufunguo wa kabati, nikamchongea wa geti. Maana kama shemeji angekuwa amenunua mashine nyeupe tu, ningemtukana na yakaisha. Lakini gemu hii ni ya wawili. Mtu hanunui mashine ili aende kushikana kamba na ukuta. Ana mwenzake. Kuna mtu kakaa pembeni yake, anamshikia sururu, na mtu huyo si mimi. Nikaanza kurudisha mambo nyuma na kuyakagua. Siku hizi ananyoa ndevu vizuri. Jumapili akiaga hashangaishangai mlangoni. Simu yake huilaza kifudifudi. Nilikuwa nimeyaona yote nikayapita, mimi ninayejifanya hakuna kinachonipita.

Jumatano mchana, saa ambazo waoka mikate huwa wamemaliza kazi, nikafunga kibanda na kwenda kwake. Mfukoni nilikuwa na nakala ya ufunguo wa mlango wake. Niliichonga mwenyewe walipohamia pale. Mdogo wangu alinipa niitunze. Nilisimama barazani nikisikiliza. Ndani sururu zilikuwa zinagonga mwamba, na nyuma yake muziki ambao sijawahi kuusikia. Halafu mwanamke akacheka. Damu ikanipanda. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi, nimeuelekeza kwenye kitasa, nikajiona nilivyosimama, mtu wa kuwafukuza wateja dirishani kwa sababu ya jambo hili hili. Nikaurudisha mfukoni, nikabisha hodi kwa ngumi.

Muziki ukakatika. Shemeji akafungua akiwa na soksi tu miguuni.

"Shemeji," akasema. "Karibu."

"Ngoja nisikaribie kwanza."

Lakini nilikwisha kuingia. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni picha ya mdogo wangu ukutani. Ilikuwa palepale, imefutwa vumbi. Ndipo nikaiona mashine nyeupe chini ya televisheni, na kwenye kochi mwanamke ameinuka ghafla na pedi mkononi. Namfahamu kwa sura. Anauza unga kwa jumla, ndiye anayepeleka magunia pale kwenye duka la mikate.

"Hii ni nini?" nikauliza, nikinyooshea kidole televisheni.

"Kionjo cha sehemu ya pili. Wametoa kipande kifupi kwa wenye mashine hizi."

"Sikuulizi gemu."

"Najua huniulizi gemu." Akakaa kwenye mkono wa kochi. "Tangazo lilipotoka mimi nilifurahi. Nisamehe. Nilisema, basi, yameisha yenyewe, sitakaa tena kwako kila Jumapili na jambo limenikaba kooni. Kisha nikaja, ukaniuliza habari, nikaona unavyonitazama. Nikarudi hapa nina aibu hata ya kula. Kesho yake nikanunua mashine. Nikasema kama gemu imehamia upande huu, basi shemeji atakuja upande huu. Nikaanza kujizoeza nisije nikakuangusha."

"Na ukaniangusha."

"Nilikuangusha. Niliona uso wako."

"Na huyu?"

Akamtazama mwanamke, naye akatazama pedi yake. "Huyu ndiye jambo lililonikaba," akasema. "Ananisaidia kujizoeza pia, maana mimi gemu zinanipa kizunguzungu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Huwa nameza kidonge kabla ya kuja kwako."

Jumapili zote zile nilidhani ninamfanyia wema, namwachia mjane wa mdogo wangu mahali pa kukaa, kumbe yeye alikuwa anameza vidonge ili nisishuke peke yangu. Nilimtafuta msaliti kila mahali nikiwa na kiapo mkononi, na hasira niliyokuja nayo sikujua niitue wapi.

"Mimi na wewe ni mashemeji kwa sababu ya mtu mmoja," nikasema. "Mtu huyo hayupo. Ukioa, wewe ni nani kwangu?"

Simu yangu ikatetemeka. Ni Bibi Bomu: *Umemkamata?* Nilisimama katikati ya sebule ya mdogo wangu, grupu zima likisubiri jina, nikaandika: *Hapana. Yuko safi.* Akajibu kwamba amesikitika sana, alikuwa ameshamwandalia maneno.

"Samahani," akasema yule mwanamke. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno. "Yeye anakuita shemeji. Mimi sijui nikuite nani."

Nilimkagua kama ninavyowakagua watu wa dirishani. Nikatafuta anachokitaka, anachokificha, mlango anaotaka kuuingia. Pedi alikuwa ameishika bado, kana kwamba nimemkuta nayo ya wizi. Sikuona kitu kingine.

"Mdogo wangu alikuwa akiniita kaka," nikamwambia, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia.

"Basi pole kwa msiba, kaka," akasema. "Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Tangu tuzike, mimi na shemeji hatukuwahi kupeana neno hilo. Wakati wa mazishi tulikuwa tunapokea za watu, na baada ya hapo tulikuwa tunashuka mgodini. Nilikaa kwenye kochi lao, nikalia kama sijawahi kufiwa kabla ya siku hiyo, na shemeji akaja akakaa pembeni yangu.