Mkono wa Farao Ukutani

Kwetu mtu huchimbiwa kaburi angali anakimbia na kucheka, kwa hiyo sikuona ubaya kumpeleka Sethnakhu akalione lake. Mimi Henutiri ndiye niliyemnyonyesha huyu mwana wa Farao, na maswali yake nimeyazoea. Ya siku ile yalinishinda.

Ndani tulimkuta Nebre, mchoraji, akipaka rangi. Ukutani Farao alikuwa amemshika mkono mtoto mwenye shungi moja la nywele ubavuni, akimpeleka mbele ya miungu.

"Nani huyu?" Sethnakhu akauliza.

"Si ni wewe, bwana mdogo! Tena nimekupendezesha. Hata kamasi nimekufuta."

Mtoto hakucheka. Alilishika shungi lake, akalitazama la ukutani. "Mbona Baba amenishika mkono? Hajawahi."

Nebre akanitupia macho. Farao ana watoto utitiri.

"Ndivyo desturi," nikasema. "Ukifika kule kwa wafu, baba yako atakutambulisha kwa miungu."

"Jina langu analijua?"

"We mtoto! Atakosaje kulijua?"

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na kumbe bado. Farao mwenyewe aliingia kukagua kazi. Tukalala kifudifudi. Sethnakhu peke yake alibaki wima, mkono ameunyoosha mbele, kama yule wa ukutani.

Farao aliisifu rangi ya samawati. Kisha akamwona.

"Na wewe umekuja kuona kaburi la kaka yako? Vizuri."

Akaondoka. Kwetu Farao ni mungu, na mungu hasahihishwi. Nilijichukia kwa kunyamaza.

Mtoto aliutazama mlango, akautazama ukuta, akarudi mlangoni.

"Yaya, yule amesema mimi si mimi. Sasa baba yangu ni yupi, aliyetoka au huyu hapa?"

Ningesema aliyetoka, ningemvunja moyo. Ningesema wa ukutani, ningekuwa nimesema nini? Nikamshika mkono twende zetu. Akauchomoa taratibu, akaenda kuvuta nguo ya Nebre.

"Fundi, utamaliza lini?"

"Haraka ya nini, bwana mdogo? Hii nyumba ya uzeeni."

"Hapana," akasema, akiugusa ule mkono uliochorwa. "Maliza upesi. Baba ananingoja."