Diski Iliyosema Tayari

Mtaani walimwita Fasta, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kuhamisha sauti kutoka kaseti za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Kaseti hupita kwa mwendo wake ule ule hata mwenye duka akiwa na haraka namna gani, ila Fasta hakutaka kulisikia hilo.

Basi haraka yake akaimalizia kwenye diski. Diski ukiipa kitu, hukiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ikasema "tayari", kisha ikaandika kwa nafasi yake. Kompyuta yenye akili huisumbua kila mara: andika kweli, nione. Ni kama mama anayemfumbua mtoto mdomo kuangalia kama kidonge kimemezwa. Fasta aliona huo ni umbea, akauzima. Onyo likatokea kwamba umeme ukikatika vitu vitapotea. Akabofya "Sawa" bila kusoma, maana kusoma aliona ni kazi ya wasio na kazi. Na betri ya kushikilia umeme? Ilimpigia kelele, akaichomoa, akachomeka feni. Bwana mkubwa alitaka upepo.

Asubuhi moja dada yake mkubwa alimletea kaseti. Baba yao alijirekodi siku za mwisho za uhai wake, na shangazi ndiye aliyeiokota majuzi kwenye mfuko wa koti la marehemu. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza. Dada alikuwa ameondoka nyumbani kwa ugomvi, kwenda masomoni bila ridhaa ya baba, na baba akafa wakiwa hawasemezani.

"Utepe umekauka, mdogo wangu. Ukipita mara moja tushukuru."

"Dada, uko mikononi mwa Fasta. Nenda sokoni, ukirudi utakuta tayari."

Akaiweka kaseti kwenye mashine. Sauti ya spika akaizima kabisa, kwa kuwa alikuwa kwenye simu akimsimulia mteja jinsi anavyofanya kazi upesi. Utepe ulipofika mwisho akaurudisha nyuma, mashine ikautafuna ukawa vipande. Fasta akacheka tu. Si skrini imeandika "faili limehifadhiwa"? Akavikusanya vile vipande akavitupa kwenye ndoo ya taka, iliyokuwa na masalia ya chai.

Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika.

Uliporudi, faili lilikuwepo, jina lake sawasawa, ukubwa wake sawasawa. Ndani mlikuwa na sifuri tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kompyuta ilikuwa imelitengea faili nafasi kwa heshima zote. Sauti yenyewe diski ilikuwa bado haijaiandika. Fasta akajaribu programu hii, akajaribu ile, jasho likimtiririka mbele ya feni inayozunguka. Ungemwonea huruma, kama humjui.

Dada akaingia na kapu lake. "Iko wapi?"

"Umeme, dada. Hawa watu wa umeme hawana utu hata kidogo."

Alimweleza, huku akiwalaumu wote isipokuwa mmoja. Dada hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, na Fasta akaona aibu kwelikweli, labda kwa mara ya kwanza tangu afungue duka.

"Haidhuru," dada akasema hatimaye. "Wewe si uliisikia ikipita? Mashine yako si ndiyo iliyoicheza?"

"Eee... ndiyo."

"Basi niambie kitu kimoja tu. Baba alinisamehe?"

Mtu mwingine angenyamaza kwanza.

"Alikusamehe, dada," akajibu papo hapo.

Dada akafunika uso kwa kanga, akalia mpaka mabega yakatikisika. Kisha akajifuta, akavuta ndoo tupu ya maji, akaigeuza na kuikalia, uso umemng'aa kama wa msichana.

"Asante, mdogo wangu. Sasa nianzie mwanzo, neno kwa neno, kama alivyosema mwenyewe. Leo sina pa kukimbilia."