Mgeni wa Chumba cha Juu

Mama Cherehani, fundi wa kushona nguo, hakuwa mtu wa kuchagua. Ukimuuliza chai au kahawa, atakujibu, "Chochote kilicho tayari." Kwa hiyo binti yake, afisa wa kampuni ya bima na mtu wa kupanga mambo mpaka mwisho, hakutarajia msaada wowote alipoketi naye sebuleni kutafuta pa kulala. Alikuwa amekata shauri kumpeleka mama yake kutembea mji mkongwe, siku chache tu, wapumzike na kupiga picha.

"Magoti yako hayataki ngazi," binti alisema huku akipekua simu. "Kuna hoteli hii karibu na stendi. Ina lifti, maji ya moto, kila kitu. Uzuri haina, lakini wanaisifia kwa usafi. Na hii nyingine iko ndani kabisa ya mji mkongwe. Ni nyumba ya zamani, wameigeuza ya wageni. Vyumba vichache, kifungua kinywa mnapata uani. Ila ngazi zake, mh! Hebu tazama mwenyewe."

Mama Cherehani akavaa miwani. Picha ya kwanza ilikuwa kitanda chenye chandarua cheupe. Ya pili, meza na chombo cha maua. Ya tatu ilikuwa ngazi za mawe zenye kona katikati, na pembeni mwake chuma cha kushikia kilichosokotwa mithili ya kamba. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Hii," alisema.

"Ipi?"

"Yenye ngazi. Tena nataka chumba cha juu."

Binti akaangua kicheko. "Mama wewe! Juzi tu zilikushinda ngazi za benki."

"Nitapanda. Hata kwa kutambaa nitapanda."

Binti alidhani mama amependa maua. Mama akamwacha adhani hivyo.

Chuma kile alikifahamu kwa viganja vyake. Alikisugua kila asubuhi tangu alipopelekwa kufanya kazi katika nyumba ile, bado msichana ambaye hata ungo hajavunja. Pale hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Kadogo, na Kadogo alilala stoo, chini ya ngazi, kati ya magunia na ndoo. Ghorofani alipanda kufagia na kutandika, basi. Kukaa hata ukingoni mwa kitanda ilikuwa kosa.

Siku moja, Kadogo akiwa sasa mwali, mkufu wa dhahabu wa bibi mwenye nyumba ukapotea. Kadogo alimwona aliyeuchukua. Alikuwa mtoto wa bibi, kijana wa chuo aliyependa kamari. Alimkuta kabatini, mkufu umening'inia mkononi, naye kijana akamkonyeza kama vile wamefanya mzaha wa pamoja. Bibi alipoanza kupiga kelele, Kadogo akasema alichokiona. Alizabwa kibao mpaka sikio likavuma, akavuliwa gauni la kazi mbele ya majirani ili apekuliwe, kisha akatolewa mlangoni na kitambaa alichojifunga tu. Yule kijana alisimama kwenye kona ya ngazi akitazama.

Habari zilimtangulia kwao. Posa iliyokuwa imeshaletwa ikarudishwa. Mama yake mzazi hakumpiga wala hakumfokea, lakini tangu siku hiyo akaanza kufunga sanduku lake kwa kufuli, na akaendelea kulifunga hadi alipokufa. Mwanamume aliyekuja kumuoa baadaye, baba wa binti huyu, aliingia kaburini bila kusikia hata neno moja la mambo hayo.

Sasa alitaka jambo moja tu. Alale juu. Aamke akute ametandikiwa yeye.

Walipofika, mwenyeji aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mtanashati, mwenye sauti laini na shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Mama Cherehani alimtazama macho akajua ni mtoto wa nani.

"Karibuni sana nyumbani. Shikamoo, mama. Nyumba hii ni ya bibi yangu mzaa baba. Sisi hapa hatuna wateja, tuna wageni."

"Marahaba," alijibu. "Na baba yako hajambo?"

"Alishatangulia mbele ya haki, mama. Miaka mingi sasa."

Mama Cherehani alishangaa kwamba habari ile ilimuuma. Kumbe safari yote alikuwa akijiandaa kukutana na yule kijana wa mkufu.

Zile ngazi alizipanda, binti akimsukuma kwa nyuma na kucheka, yeye akivuta pumzi kila hatua. Stoo ilikuwa imepakwa chokaa na kuwekewa rafu za sabuni na vikapu vya kuuzia wageni. Chumba cha juu kilikuwa kilekile cha bibi, ila kitanda kipya. Mama Cherehani akakaa ukingoni. Kisha akajilaza chali, viatu miguuni.

"Mama, viatu!"

"Niache," alisema. "Niache kidogo."

Usiku ule alilala usingizi mzito wa mtu aliyetoka shamba, roho kwatu.

Asubuhi, meza ndefu ya uani ilijaa. Kulikuwa na wageni wengine, mume na mke wastaafu pamoja na walimu kadhaa waliokuja kutembea. Mwenyeji alipita na birika la kahawa, akimmiminia kila mtu na hadithi yake. Alieleza mawe ya ukuta yalivyochongwa, akaeleza kisima kilivyofukiwa. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayefika penye utamu.

"Na nyumba ya zamani haikosi kituko. Bibi yangu alikuwa na mkufu wa dhahabu, urithi wa ukoo. Akamwamini msichana wa kazi, kwa jina Kadogo. Kadogo huyo kwa umbo, lakini kwa mkono, jamani, mkono mrefu!"

Walimu wakacheka.

"Mkufu ukayeyuka. Wakamsaka, wakampekua, wapi! Baba yangu alikuwa akisema binti yule lazima aliumeza. Mpaka leo, fundi akija kukarabati, namwambia akiona kitu kinang'aa ukutani, ni changu."

Meza nzima ikacheka, na binti naye akacheka, akiwa amefunika mdomo kwa leso.

Mama Cherehani akaweka kikombe chini. "Haukumezwa," alisema.

"Ehe, mama, una maoni gani?" mwenyeji aliuliza kwa bashasha.

"Sina maoni. Kadogo ni mimi. Mkufu aliuchukua baba yako. Nilimkuta nao mkononi, kabatini, kwenye chumba hicho hicho nilicholala jana."

Mwalimu mmoja akajifanya hamnazo, akaanza kupaka mkate siagi. Mwenyeji hakupoteza tabasamu lake. Aliliweka kando kidogo tu, kama mtu anavyoweka birika asije akamwagia mgeni.

"Pole sana, mama. Yaliyopita ni marefu, na wazee wetu wote hawapo. Nani leo atajua la kweli?"

"Mimi najua. Nipo hapa, nakwambia."

"Bila shaka, mama yangu. Bila shaka. Nikuongezee kahawa?"

"Mama, basi," binti alinong'ona, akimfinya paja chini ya meza. "Watu wanatutazama."

"Si ndiyo nataka watazame?"

Lakini walikuwa wameshaacha kutazama. Yule mstaafu alikuwa akimuuliza mwenyeji saa ya kufunguliwa kwa makumbusho, na mwenyeji alikuwa akimjibu kwa urefu, kwa raha zote, akiwa amewapa mgongo mama na binti.

Chumbani, binti alifunga mlango kisha akauegemea. Mama alimsimulia yote: stoo, kibao, gauni, posa, sanduku lenye kufuli. Alisimulia bila kulia. Machozi yalikuwa ya binti.

"Kwa nini hukuniambia, mama? Tungeenda ile ya stendi."

"Nilitaka hii."

Binti akajifuta macho. Akatazama dirisha, akatazama kitanda. Alipofungua kinywa tena, sauti ilikuwa ndogo. "Lakini mama... kweli hukuuchukua? Maana ulikuwa mtoto. Hata kama ulichukua, mimi siwezi kukulaumu."

Mama Cherehani alianza kukunja khanga zake, moja baada ya nyingine, na kuzipanga begini.

"Mama, nimeuliza tu."

"Nimesikia. Tafuta teksi."

Walimalizia safari kwenye hoteli ya stendi. Lifti ilifanya kazi, shuka zilinukia sabuni, na dirisha lilitazama mabasi. Binti alimwomba radhi mara nyingi, asubuhi na jioni, akamnunulia viatu vya raba vya kutembelea. Mama alisema yameisha. Walizunguka makumbusho, wakapiga picha penye lango kuu, wote wawili wakitabasamu. Njiani kurudi binti alimlalia begani, naye hakumwondoa, lakini hakumshika kichwa kama zamani.

Msimu wa mvua ukapita. Jumamosi moja binti alikuja na mwenzake wa kazini aliyetaka sketi ipunguzwe. Dada yule alikuwa mchangamfu, wa maneno mengi. Mama Cherehani alimsimamisha mbele ya kioo.

"Shoga, ile nyumba uliyoniambia niliipata!" mgeni alimwambia binti. "Tumelala pale mimi na mume wangu. Pazuri, kifungua kinywa usiseme! Na mwenye nyumba ana hadithi, utakufa. Eti bibi yake aliibiwa mkufu na msichana wa kazi. Sasa sikia: juzijuzi yule mwizi karudi, kizee, anachechemea kwa magoti. Kaja mwenyewe, kaangua kilio mbele ya wageni, kaomba msamaha. Na wakamsamehe! Wakampa chumba kizuri kuliko vyote, alale bure. Mimi nilitokwa machozi, wallahi."

Mama Cherehani alikuwa na pini mdomoni. Hakusogea. Alimtazama binti yake kwenye kioo, akangoja. Lilihitajika neno moja tu, na huyo mgeni alikuwa rafiki, si meza ya watu wasiojulikana.

Binti alitazama sakafu. Alitazama vipande vya nyuzi, akavisogeza kwa ncha ya kiatu. Kisha akainua uso, akacheka kicheko chembamba.

"Haya mambo!" alisema. "Hebu mwambie mama, sketi unataka iishie wapi? Gotini au juu kidogo?"

"Gotini," mgeni alisema.

Mama Cherehani akapiga magoti, polepole, mkono mmoja umeshika meza ya cherehani, akaanza kukunja upindo na kuuchoma pini.