Kumngoja Kijino

Mama mdogo alimwacha mchumba wake wa kwanza kwa sababu ya mfuniko wa sufuria. Mwenyewe husimulia bila haya. "Nikipika, anakuja kufunua. Nikifunika, anafunua tena. Nikajiambia, huyu akinioa, hata usingizi wangu ataufunua aone kama umeiva."

Kwa hiyo nilidhani yeye angenielewa upesi. Nilipomwambia kwamba mimi na Fundi Redio huenda tusifike mbali, aliweka chini shati la sare alilokuwa akinisaidia kulitia vifungo, akanitazama juu ya miwani.

"Anakunywa?"

"Hanywi."

"Ana mkono mwepesi?"

"Mama mdogo, jamani! Hata nzi hampigi."

"Ana mke mahali?"

"Hana."

"Sasa?"

"Anammalizia Kijino maneno."

Kijino ni binti yangu. Jina hilo lilimganda alipong'oka jino la mbele. Ana kigugumizi. Neno likimkwama hukamata pindo la gauni lake, akalivuta taratibu, mpaka neno litoke lenyewe, zima, halina kovu. Kinachotakiwa ni kumngoja tu.

Wapo wanawake wasiomtaka mvuta sigara, wengine bahili, wengine mtu wa kukoroma. Mimi sharti langu ni hilo moja. Utamu wa kungojwa niliujua ukubwani, nilipoanza masomo ya jioni. Mwalimu wetu alikuwa akiuliza swali, kisha anageukia dirisha kutazama barabara, kama vile hana haraka na sisi. Katika kimya kile niligundua kwamba majibu ninayo.

Fundi Redio ana kibanda mkabala na cherehani yangu. Mtu mwema, mcheshi, mikono yake haikai. Siku nzima kazi yake ni kupambana na sauti zinazokatika. Redio ikikwama, kofi lake hulifikia boksi kabla hajawaza. Nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Jumapili alikuja kututembelea, akamuuliza Kijino habari za shule.

"Shule nzuri," Kijino alisema. "Ila naogopa m... m... m..."

"Mbwa!" Fundi akadakia, uso ukimng'aa kama mtu aliyenasa stesheni.

Kijino akamtazama. Akaliachia pindo la gauni. "Ee," akasema, "mbwa."

Mwanangu haogopi mbwa. Yule wa jirani humlalia miguuni. Jioni, nikimwogesha, nilimuuliza tena, nikaendelea kumsugua mgongo bila kumharakisha.

"M... mlango, mama. Wa choo cha shule. Unajifunga wenyewe."

"Mbona ulisema mbwa?"

"Mimi sikusema. Yeye ndiye alisema." Akapuliza povu kiganjani, likaruka.

Ndicho kilichoniuma. Kukatizwa ameshakuzoea, lakini alikuwa ameitikia neno lisilo lake. Nilimwona akiwa mkubwa, anaulizwa kama anampenda mtu fulani, mwingine anamjibia, naye anasema ee.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halifanyi kila siku. "Basi mwambie," akasema. "Mimi yule wa sufuria sikumwambia. Niliondoka tu. Mpaka leo labda anafunua za watu."

Jumamosi, mama mdogo akiwa kwetu tena, Fundi akaja na furushi kwapani. Ndani mlikuwa na mbwa wa kitambaa, sikio moja refu kuliko lenzake, mishono inatisha. Alimshona mwenyewe.

"Nimemletea rafiki," alisema, "aache woga kidogo kidogo."

Nilicheka, na machozi yakanilenga. Nikamvuta nje, tukakaa kwenye kizingiti, nikamweleza. Kwamba woga wenyewe si wa mbwa. Kwamba alimkatia mtoto neno, mtoto akalitupa. Woga ni wa nini, sikumwambia.

Alimgeuza mbwa wake mikononi. "Nilikuwa namwonea huruma. Nikimwona anahangaika, na mimi pumzi inaniishia."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa nawe hapa."

"Nikishindwa je?"

"Tutabaki majirani wazuri. Redio yangu ikifa nitakuletea. Lakini ndani humu, hapana."

Nilisema polepole. Nilimtaka mtu huyu. Nilishazoea kusikia mluzi wake kabla sijafungua dirisha asubuhi.

Alimrudisha mbwa kwapani. Kisha akasimama, akaingia ndani, akaketi sakafuni karibu na cherehani, Kijino alipokuwa akichezea vipande vya vitambaa. Nikamfuata.

"Mama yako anasema nilikosea," alimwambia. "Samahani, mwanangu. Shuleni unaogopa nini?"

Kijino alinitazama. Akampokea mbwa, akashika lile sikio refu.

"M... m..."

Midomo ya Fundi ikafunguka. Nikaiona. Mkono wa kulia ulishaanza kunyanyuka, ule ule wa kupigia redio. Akaushusha, akaukalia.

"M... m... m..."

Mama mdogo naye alivuta pumzi ya kusaidia. Nikamkanyaga mguu.

Nje mtu alipita akikokota ndoo. Jasho lilimtoka Fundi kipajini, akaliacha litiririke. Akageuza macho dirishani, akatazama barabara kama vile hana haraka na sisi. Jambo hilo sikumfundisha mimi.

"Mlango," alisema Kijino.

Nilitega sikio nisikie kama Fundi atamsifu, au atamwahidi kwenda kuugongomea misumari mlango huo. Hakufanya hivyo.

"Mlango gani?" aliuliza, akajivuta akaegemea ukuta, miguu akainyoosha.

Kijino akavuta pumzi. Ilikuwa hadithi ndefu. Mama mdogo akaenda kubandika maji ya chai, na mimi nikaokota shati la sare na sindano, nikaendelea na kifungo kilichobaki.